Mamba Aliyekuwa Akituvusha

Wengi walisoma mchana, wakiwa watoto, na akili ikawaingia polepole kama maji yanavyoingia mtungini. Mimi nilisoma jioni, nikiwa na ndevu, na akili ikaniingia yote kwa mpigo hadi nyingine ikatokea masikioni. Ndiyo maana mpaka leo nikieleza jambo, naeleza na la jirani yake. Mnivumilie. Cheti changu cha ngumbaru kimetundikwa juu ya kabati, na mke wangu hukipangusa vumbi kila anapotaka nimpasulie kuni.

Jambo ninalotaka kueleza ni la mamba, ila lilianza kwa papa, na papa wenyewe walitujia wakiwa wamefungia nyama. Ilikuwa miaka ya tisini, huku kwetu Kakamega, upande wa kuelekea Navakholo, mahali ambapo ukitoka kwenye miwa unaingia kwenye mahindi, na ukitoka kwenye mahindi unaingia kwenye miwa ya mtu mwingine. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa amenunua nyama buchari, na alipoifungua nyumbani akakuta gazeti lililoifunga lina habari nzito. Akalikausha juu ya meko, akaja nalo darasani likinuka supu.

Gazeti lilisema kwamba katika nchi fulani ya mbali watu walikuwa wakioga baharini na kuumwa na papa. Serikali ya huko ikaamua kutega nyavu na ndoana ili papa wapunguzwe. Wengine wakasema sasa maji yako salama, wengine wakasema hakuna kitu kama hicho. Mwalimu akaandika ubaoni: Je, kuwaua papa kunayafanya maji yawe salama kwa watu? Kisha akatuambia tujadili.

Ieleweke kwamba katika darasa zima hakukuwa na mtu aliyewahi kuona bahari. Maji makubwa tuliyoyajua yalikuwa ya mto Nzoia ukifurika. Tena kwa Kiluhya papa ni baba mzazi, kwa hiyo mwalimu alitumia robo ya kipindi kuwahakikishia wanafunzi kwamba hakuna anayependekeza kuwaua wazee wetu. Tulipotulia, mimi nikasimama upande wa kuua. Nilikuwa nimekaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yamenifika kidevuni, na kusimama tu kulikuwa ushindi.

"Papa akikuuma mara ya kwanza," nilisema, "utamsubiri akuume ya pili ndipo umpeleke kwa chifu? Adui habembelezwi, adui huondolewa. Papa akiondoka, bahari inabaki kuwa maji ya kuoga tu, kama ya karai."

Darasa likapiga madawati. Upande wa pili akasimama mama mmoja mwenye kinu cha posho, mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na injini. Unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Mwenzangu amesema vizuri kabisa," akasema. "Mimi nina kitu kidogo tu. Mkishawaua papa wote, bahari itapungua kina?"

Akaketi.

"Hiyo si hoja," nikasema. "Hilo ni swali."

"Basi lijibu, twende nyumbani."

Sikulijibu. Nilimwaga methali, kila niliyoijua na nyingine nilizotunga palepale, nikasema "kadhalika" mpaka taa ya karabai ikapunguza mwanga kwa uchovu. Mwalimu akanipa ushindi. Alama za sauti, alama za methali, alama za kusimama wima. Mama wa posho akapewa pongezi kwa ufupi.

Sasa niseme kwa nini niliutaka ushindi ule kama mtu anayetaka maji. Kati ya kijiji chetu na kijiji cha wakwe zangu kuna mto, ambao huko chini unamwagika Nzoia. Daraja la magari liko mbali, mzunguko ambao mwenye mzigo kichwani akiuanza asubuhi anafika sokoni akikuta watu wanafagia. Kwa hiyo kila mtu alipita kivukoni, mahali ambapo kiangazi maji yalifika mapajani tu. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa mjane, alipita hapo kila siku ya soko na kikapu cha mrenda, sagaa na managu. Soko la kwao lilikuwa na wauzaji tu bila wanunuzi, akina mama wakiuziana mboga wenyewe kwa wenyewe. La kwetu lilikuwa na wakata miwa wenye njaa na mishahara. Asipovuka, hakuna chumvi, hakuna mafuta ya taa, hakuna sadaka ya Jumapili. Na binti yake wa pekee nilikuwa nimemwoa mimi.

Halafu mamba akapanda kutoka Nzoia, akaingia mto wetu, akaupenda.

"Mama akichukuliwa na huyo mnyama," mke wangu aliniambia akipepeta mahindi, "mimi narudi kwetu kukaa matanga. Na sijui hayo matanga yataisha lini."

Hakupandisha sauti. Ni makapi ya mahindi tu ndiyo yaliyoruka mpaka kwa jirani.

Na msinione mzembe mkauliza kwa nini sikwenda tu kumshika mkono mama mkwe wangu nikamvusha. Kwetu hilo halifanyiki. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani kama aliyekumbuka kitu. Mimi nilimheshimu wangu kiasi kwamba baada ya miaka ya ndoa nilimjua kwa visigino. Ungenionyesha uso wake ningekuuliza, huyu mama ni wa wapi?

Basi mamba. Alikuwa na mashtaka mengi kuliko mwizi wa kuku. Alikula bata, hilo alionekana akilifanya. Alimchukua ndama wa jirani yangu, hilo tuliliamini kwa sababu jirani mwenyewe alilia. Halafu akatwishwa mlevi mmoja aliyetoka kwenye pombe ya busaa akaamua kuvuka peke yake gizani. Maskini yule alikufa maji kweli, na tulimzika kwa heshima. Lakini alipatikana chini ya mto akiwa na vidole vyote, viatu vyote viwili, na kofia mfukoni. Mama wa posho alipouliza ni mamba gani anayemuua mtu kisha anamrudisha mzima kama shati la dobi, aliambiwa asimdharau marehemu.

Katika miezi ile ya mamba, watu walivuka hivi. Hakuna aliyeingia majini peke yake. Ukifika ukingoni unangoja, hata kama unakwenda kumwita mkunga, mpaka muwe kundi. Kila mtu ana fimbo ndefu, mti ulionyooka, urefu wa mtu na nusu. Mnaingia kwa mstari, wa mbele anachoma chini kwa fimbo kabla hajakanyaga, wa nyuma wanapiga maji, akina mama wako katikati wakiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kumchosha mamba yeyote. Jua likishuka hakuna kuvuka. Walevi walilala upande waliolewea. Hakuna aliyeiandika sheria hii wala kuitangaza, ilitoka kwenye woga wenyewe, kama jasho. Mimi nikikuta mama mkwe wangu yuko kundini, nilijificha kwenye miwa mpaka wapite, kisha nikangoja kundi lingine. Nimewahi kufika kazini adhuhuri kwa sababu ya adabu.

Mtu aliyekuja kutuondolea balaa lile alikuwa kansela, diwani wa kata yetu. Alikuwa mtu mnene, mkarimu kwa maneno, mwenye lori la kubeba mchanga. Mchanga wa mto wetu ulikuwa mweupe na safi, watu wa mjini waliupenda kwa kujengea, na vijana wake waliuchota kwa sepetu pale ukingoni, kwenye maji ya kifundo cha mguu, wakitazama nyuma mara kwa mara. Sikufikiri neno lolote juu ya jambo hilo wakati huo. Ni baadaye ndipo nililifikiria, na nilipolifikiria nililazimika kukaa chini.

Aliitisha baraza chini ya mabati ya ghala la ushirika.

"Mamba hatembeangi peke yake," kansela akasema. "Mkiona mmoja juu, jua kuna ukoo mzima chini. Leo amekula ndama, kesho atakula mama yako. Mimi kama mtumishi wenu siwezi kulala. Mnaniona nimekonda."

Tulimtazama.

Ikaundwa kamati ya kuua mamba. Katibu, wakasema, awe yule bwana aliyewashinda watu kwa habari ya papa, maana ana ujuzi wa wanyama wa majini. Nikakubali kwa unyenyekevu ambao hata mimi ulinishangaza. Nilipomwambia mke wangu aliacha kupepeta, akanipa chai yenye maziwa mengi.

Kamati ikaamua mamba atategwa kwa ndoana kubwa ya chuma, na chambo kiwe kuku. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Mgeni wa huku anaweza kudhani ugumu ulikuwa kwenye ndoana. Hapana, mhunzi aliitengeneza asubuhi moja. Ugumu ulikuwa kwenye kuku. Kila boma lilitoa kuku mmoja, na jioni ya kwanza tulikusanyika ukingoni, wanaume wazima, tukamtazama jogoo mwekundu mnene aliyefungwa miguu.

"Huyu," akasema mwekahazina polepole, "huyu kweli apewe mamba?"

"Ndivyo kamati ilivyopitisha," nikasema.

"Pamoja na firigisi?"

Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Watoto hawaigusi, wake hawaiulizi, na mgeni akipewa anajua amependwa. Kumpa mamba firigisi ilikuwa sawa na kumkaribisha kiti cha mzee. Tukakubaliana kuitoa firigisi kwanza. Halafu mtu akauliza kama mamba anajali mapaja. Halafu mwingine akasema ubawa una harufu ya kutosha kuvuta mamba kutoka Uganda. Mwisho wake mamba alitegewa miguu, kichwa na utumbo, na kamati ikaketi pembeni kulinda mtego kwa ugali na mchuzi. Mamba naye hakuwa mjinga. Aliyatazama yale makucha, akarudi kulala. Tulimtega hivyo jioni nyingi sana. Kansela alipita mara kwa mara kukagua kazi na kukagua mchuzi. Kijiji kizima kilibaki bila jogoo wa kuamsha watu, na kamati ikanenepa kwa ajili ya usalama wa umma.

Aliyemuua mamba hakuwa mtu wa kamati. Ni wakata miwa. Walimkuta mchana amelala ndani ya shamba, mbali na maji, akiota jua kati ya mistari, wakamvamia kwa panga kabla hajaamua kama ni ndoto. Nilifika nikaupima mwili wenyewe kwa hatua zangu. Ulikuwa futi kumi na nane. Mke wangu husema nilipima pamoja na kivuli, na wakata miwa wanasema alikuwa sawa na mbwa mkubwa aliyenyooshwa, lakini mwenye kupima nilikuwa mimi.

Sherehe yake haijapata kurudiwa. Kansela alisimama juu ya mwamba kivukoni, akaweka mguu juu ya mamba kana kwamba alimnyonga kwa mkono, akasema: "Kuanzia leo mto huu ni salama. Natangaza. Hata mtoto mchanga anaweza kulala ndani yake."

Watu wakatupa fimbo zao kwenye moto mmoja mkubwa, tukachomea kuku wa mwisho waliobaki. Mke wangu ndiye peke yake aliyeichukua yangu, kwa sababu kamba yake ya nguo ilikuwa imelegea katikati na ilihitaji mti wa kuinyanyua. Mama wa posho alikuwa amesimama kando akila shingo.

"Bwana katibu," akaniambia, "hongera. Mto umepungua kina?"

"Wewe mama una kijicho," nikamwambia.

"Ninacho. Nipe chumvi."

Mambo yaliyofuata yalifuata kwa mpangilio ambao hata mtu wa darasa la kwanza la ngumbaru angeuona, isipokuwa sisi tuliokuwa tumeshiba. Siku iliyofuata tu, vijana wa sepetu waliacha ukingo. Kwa nini wachote mchanga wa ukingoni uliochanganyika na matope, wakati mchanga mzuri uko katikati, na mwenye kuulinda amekwisha uawa? Wakaingia maji ya kiuno. Wakaingia maji ya kifua. Lori likarudi nyuma mpaka magurudumu yakalowa. Wakachimba mahali palepale tulipokuwa tukikanyaga, kwa sababu ndipo mchanga ulipokuwa mgumu na msafi. Na maji yakafunika kila shimo vizuri, juu yakawa yanameta bila alama yoyote.

Nasi tulivukaje? Kila mtu peke yake, saa yoyote, mikono mitupu, akipiga mluzi. Mto ulikuwa umetangazwa.

Wa kwanza alikuwa mwenye baiskeli ya boda aliyeibeba begani na kreti la soda juu yake. Yeye alitoka, soda hazikutoka. Akafuata mwimbaji wa sauti ya nne wa kanisa letu, mtu wa mwili, ambaye alipotea hadi wimbo ukakatika katikati ya ubeti, akaibuka mbali akiwa amebadili dhehebu kwa muda. Kisha mkata miwa mmoja alitolewa akiwa hana pumzi, akalala hospitali wiki nzima akitapika mto. Wakati wa mamba, ukiacha yule mlevi, hakuna binadamu aliyekuwa ameloweshwa hata nywele.

Watu walikwenda kwa kansela.

"Mamba amekufa," kansela akasema. "Mlimwona. Sasa mnataka nini? Wanaozama ni walevi."

"Mwimbaji wa kanisa?"

"Huyo ni mzito. Mimi siwezi kupunguza uzito wa watu."

Mke wangu alikuwa hanipi tena chai ya maziwa. Alinipa ya rangi, na kikombe alikiweka mezani kwa namna inayosikika. Mama yake aliendelea kuvuka kila soko, kikapu kichwani, kwa sababu mboga hazingoji na chumvi hailetwi na malaika.

"Siku ya soko utakwenda mtoni," akaniambia. "Utamwangalia mama anavuka."

"Nitamwangaliaje? Ni mama mkwe wangu."

"Mwangalie bila kumwona. Wewe si umesoma?"

Nikachomoa fimbo kwenye kamba ya nguo, nikaenda. Nilijipanga ukingoni mwa miwa, mgongo kwa mto, shingo nimeipinda kidogo tu kiasi ambacho adabu inaruhusu, nikawa nachungulia maji kwa pembe ya jicho la kushoto. Huko juu kidogo lori la kansela lilikuwa limesimama kwenye maji, vijana wakipakia, na kansela mwenyewe yuko ndani ya kebini akisoma gazeti. Nikaviona visigino vikishuka ng'ambo ya pili. Nilivijua. Vikaingia majini, na juu yake kikapu kikawa kinakuja taratibu kama mtu anayekuja kanisani.

Kisha kikapu kikawa peke yake. Kilielea, mrenda ukatawanyika kijani juu ya maji, na chini yake hapakuwa na mtu.

Sikumbuki nilifikaje. Nasema niliruka kutoka kwenye miwa hadi mtoni bila kukanyaga chini, na mwenye kubisha hakuwepo. Maji yalinifika tumboni, nikaona mkono na kitambaa cha kichwa vikija juu na kurudi. Na pale, wasomaji wangu, ndipo elimu na adabu vilipogombana ndani yangu. Kumshika siwezi. Kumtazama siwezi. Kumwacha, nitakuwa mjane wa mke aliye hai. Nikageuka, nikampa mgongo, nikatuma fimbo nyuma chini ya kwapa kama mtu anayelima na ng'ombe, nikaisukuma hadi nikasikia imeshikwa.

"Nani huyo?" sauti ikauliza baada ya kukohoa maji mengi.

"Ni mtu tu," nikasema nikitazama miwa.

"Mtu gani?"

"Mtu wa kawaida. Shikeni fimbo vizuri, mama."

Akapumua. "Mtu wa kawaida, mbona umenipa mgongo?"

"Ndivyo nilivyoumbwa, mama."

"Haya. Vuta kama ulivyoumbwa."

Nikavuta. Nimewahi kuvuta ng'ombe kwenye matope na trela la miwa lililokwama, lakini sijawahi kuvuta kitu kwa heshima kama siku ile. Tulipofika nchi kavu, aliketi upande mmoja wa jiwe na mimi upande wa pili, tukaongea na mimea iliyokuwa mbele yetu.

"Soko lililopita nilikanyaga hapo," akasema. "Leo pana shimo lenye kuta zimenyooka. Mto hauchongangi kuta."

"Niwaambie watu?" nikauliza miwa.

"Uwaambie kwamba kansela amechimba? Watauliza ni nani wa kuamua hiyo kesi. Ni kansela." Akakamua kitambaa chake. "Hebu nyamaza kidogo, mtu wa kawaida. Wanakuja."

Walikuja, watu wa sokoni na wa njiani, mama wa posho mbele na unga wake. Mimi nilikuwa nimekwisha rudi miwani, masikio nje. Kansela akateremsha kioo cha lori.

"Ni nini tena, mama? Umepitia kwenye busaa?"

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kanisa tangu kuzaliwa, hata uji uliochacha hanywi. Alipojibu, alijibu kwa upole wa mtu anayempa mgeni kiti.

"Nimeshikwa mguu," akasema.

"Na nini?"

"Mimi nimesomea wapi hata nijue? Wewe ndiye ulituambia huku chini kunakaa nini. Mimi nimeshikwa tu, hapa, nikavutwa chini." Akaonyesha kifundo, nacho kilikuwa kimechunika kweli kwa ukuta wa shimo.

Vijana wa sepetu, waliokuwa kwenye maji ya kifua, wakatazamana. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, kilikuwa na meno?"

"Sikukiambia kicheke nione."

Nimeona watu wakitoka majini katika maisha yangu, wabatizwa na wasiobatizwa, lakini sijaona watu wanaotoka majini wakiwa wakavu. Walipita juu ya mto ule. Mmoja aliacha sepetu lake limesimama katikati, na kama halijachukuliwa na mafuriko liko huko mpaka leo. Dereva aliwasha lori kabla tanboi, msaidizi wake, hajapanda.

"Ngojeni," kansela akaita. "Mamba tulimuua. Wote mlimwona. Hakuna mamba."

"Mlimuua mmoja," mama wa posho akasema. "Kwenye baraza ulisema anatembeanga na nani?"

Kansela akafungua mdomo. Unajua, mtu aliyeuza woga kwa jumla hawezi kuununua tena kwa rejareja. Angesema mamba hana ukoo, angekuwa mwongo wa juzi. Angesema kilichomshika mama ni shimo, angeulizwa la nani. Akafunga mdomo, akapandisha kioo, na lori likaondoka na mchanga nusu, likimwaga maji barabarani kama mtoto aliyejikojolea.

Soko lililofuata kila mtu alikuja na fimbo mpya. Watu wakangojana ukingoni, wakaingia kwa mstari, wakachoma chini, wakaimba. Fimbo ziliyapata mashimo yote moja baada ya jingine, na watu wakayazunguka wakinong'ona kwamba hayo ni malango ya ukoo wa mamba. Sikumsahihisha mtu. Kansela akaunda kamati ya pili, akaomba kuku, akanitaka niwe katibu tena. Nikamwambia nina mtihani. Kuku hawakutoka, maana waliokuwepo walikuwa vifaranga, na mchanga wake akahamia kuutafuta kwenye mto mwingine, kwa watu ambao Mungu awasaidie. Mvua zilipokuja zikafukia mashimo. Hakuna aliyezama tena kivukoni kwetu kwa ninavyokumbuka, na mimi nakumbukanga hata yasiyokuwepo. Mamba wa pili hakuonekana kamwe. Alifanya kazi nzuri kuliko wa kwanza, bila kula hata bata.

Darasani, mwalimu alipotaka tuandike insha kuhusu wanyama wa baharini, mama wa posho aligeuka kwenye dawati lake.

"Bwana katibu, papa hawajambo?"

"Hawajambo," nikasema. "Wanaulizia kinu chako."

Kuhusu mama mkwe wangu, hatujawahi kulizungumza jambo lile, maana hatuzungumzi. Ila soko moja mke wangu alirudi amebeba kuku jike mweusi, mzima, miguu imefungwa kwa ukambaa wa mgomba.

"Ametoka kwa mama," akasema. "Anasema ni wa mtu wa kawaida. Mtu wa kawaida ni nani?"

"Watu ni wengi," nikasema. "Injika maji."

"Anasema firigisi asipewe mtu mwingine." Akanitazama kwa muda, kisha akatazama nje, kwenye kamba yake ya nguo. "Na anasema fimbo yake mtu huyo asiianikie nguo. Aiweke mlangoni."

Nikatoka nikaichomoa fimbo. Kamba ikalegea, shuka zikalala kwenye majani na kuchafuka zote, na mke wangu, ambaye kwa kosa dogo kuliko hilo amewahi kuninyima chai, alizichukua akaanza kuzifua upya.